Lafudhi ipi ya Kimarekani uizoeshe masikio? Tano za kwao, na ile uliyokuja nayo

Nesi alikuwa Alabama. Mgonjwa alikuwa mama wa Kikongo aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu. Mimi nilikuwa katikati, Louisville, Kentucky, nimevaa vidude vya masikioni, nafasiri kwa simu. Nesi akasema mama awe anatumia "pin" mara moja kila usiku kabla ya kulala. Nikafasiri: mama, utajidunga sindano mara moja kila usiku. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sindano hawakunipa. Walinipa kitu kama kalamu." Nikamrudia nesi: mgonjwa anasema hana sindano. Nesi akashangaa, maana yeye hakutaja sindano. Tukazunguka hivyo karibu dakika tano mpaka akasema, kwa upole kabisa, kile kitu cha kuandikia, lakini cha insulini. Alikuwa anasema "pen" tangu mwanzo. Kwa watu wa Kusini, "pen" na "pin" hutamkwa sawasawa.

Nesi hakukosea. Mwenye kosa ni mimi, niliyelizoesha sikio langu Marekani moja tu, ile ya kwenye televisheni.

Tangu hapo kila anayeniuliza "kaka, nijifunze lafudhi ipi?" namrudishia swali: ya kusikia, au ya kusema? Wanaouliza ni wa kila aina. Yupo aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mwanafunzi wa uuguzi, dada anayepokea simu za wateja wa Marekani akiwa Nairobi, na mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuongea kama watoto wa mtaani kwao na yeye hajui afurahi au akemee. Wote wanataka jibu moja. Mimi sina, ila nina vipimo, nanyi mtachagua.

Vipimo vyenyewe

Kila lafudhi nitaiuliza mambo manne. *Sikioni*: inalisumbua vipi sikio lililokulia kwenye Kiswahili? *Machoni pa watu*: Wamarekani wenyewe wanamwonaje anayeizungumza? *Mdomoni*: kuiiga kunagharimu nini? *Inamfaa nani*: basi.

Kwanza lakini tujue sikio letu limetoka wapi. Angalia maneno tuliyoyaokota kwa Mwingereza: nesi, shati, baa, namba, fomu, dokta, meneja. Yote yameandikwa kwa r huko yalikotoka, na yote tumeyapokea bila r, kwa sababu waliotuletea hawakuitamka. Angetangulia kuja mtu wa Ohio, pengine leo tungevaa "sharti" na "skerti". Kwa hiyo r nzito ya Kimarekani ni ngeni kwetu hata kabla hatujafika kwenye irabu. Na kwenye irabu ndiko kwenye kazi: sisi tuna tano zilizotulia, wao wana zaidi ya kumi zinazohamahama kutoka jimbo hadi jimbo.

1. Ya televisheni

*Sikioni.* Hii ndiyo wengi wetu tumeisikia kwenye filamu na habari. Ina mitego miwili. Wa kwanza ni hiyo r inayokunja ulimi. Wa pili ni t ikikaa kati ya irabu mbili: Mmarekani haigongi, anaigusa tu kwa ncha ya ulimi, na mguso huo ndio r yetu ya Kiswahili, ile ya "kura" na "mara". "Water" inafika sikioni kama "wora". "Better" inakuwa "bera". "City" ni "siri", wallahi. Bosi wangu wa kwanza aliponiambia anaishi nje ya "siri" nilidhani ananidokezea jambo. Ukishaijua siri hiyo, nusu ya ugumu umekwisha.

*Machoni pa watu.* Wamarekani wengi watakwambia hii si lafudhi, ni kukosa lafudhi. Huo ni uongo wa raha, maana hakuna binadamu anayesema bila lafudhi, lakini uongo ukiaminiwa na wengi unafanya kazi. Ndiyo sauti ya mtangazaji, ya rubani, ya mashine ya benki. Stephen Colbert, mchekeshaji wa televisheni aliyekulia South Carolina, amewahi kueleza kwamba akiwa mtoto aliamua kuiacha lafudhi ya kwao kwa sababu kwenye televisheni mtu wa Kusini alikuwa daima ndiye mjinga. Ila nayo ina upungufu wake: hakuna anayeipenda. Inaaminiwa kama mlinzi wa benki anavyoaminiwa.

*Mdomoni.* Vifaa vya kujifunzia viko tele na vingi ni vya bure. Kazi kubwa ni r, na hiyo ni ya miezi, si wiki.

*Inamfaa nani.* Asiyejua atapangiwa jimbo gani, na anayehudumia simu za nchi nzima.

2. Ya Maziwa Makuu (ya kwao, si yetu)

*Sikioni.* Namaanisha Chicago, Detroit, Cleveland, Buffalo, miji iliyopangana kando ya maziwa ya kaskazini. Ukiisikia kwa mbali unaona ni ileile ya televisheni, na hapo ndipo inapokunasa. Irabu zao zimesukumana kama abiria wa daladala: mmoja kasogea, wa nyuma yake kachukua nafasi, naye kaacha nafasi kwa mwingine. Mzee wa Chicago akisema "block" unaweza kuapa kasema "black", na "buses" zake zinasikika kama "bosses". William Labov, mwanaisimu aliyetumia maisha yake kuchunguza mambo haya, aliwahi kuwasikilizisha Wamarekani wenyewe maneno kama hayo yakiwa yamekatwa kutoka kwenye sentensi, nao wakakosea. Kwa hiyo ukikosea wewe usijilaumu.

*Machoni pa watu.* Hapa pana kichekesho. Dennis Preston, mwanaisimu mwingine, alikuwa akiwapa watu ramani na kuwauliza wapi Marekani husemwa Kiingereza sahihi zaidi. Watu wa Michigan walijipa wenyewe alama za juu kabisa. Hawajui kama wana lafudhi. Mwaka 1999 Nancy Niedzielski akawachezesha watu wa Detroit sauti moja ya mtu wa hukohuko Detroit, ila karatasi za baadhi yao ziliandikwa juu kwamba msemaji ni Mkanada, na za wengine kwamba ni wa Michigan. Sauti ni ileile, lakini waliodhani ni Mkanada walisikia irabu za Kikanada, na waliodhani ni wa nyumbani hawakuzisikia. Nikisoma utafiti ule nilikumbuka wale jamaa zetu wa Dar wanaocheka Kiswahili cha mtu wa Lubumbashi kabla hajamaliza salamu.

*Mdomoni.* Usijisumbue. Hakuna anayeifundisha, na vijana wa huko wenyewe wanaiacha.

*Inamfaa nani.* Aliyepata kazi kiwandani au hospitalini katika miji hiyo. Izoee kwa kusikiliza tu.

3. Ya Kusini

Hapa nitakaa, kwa sababu watu wetu wengi ndiko walikopelekwa. Texas na Kentucky ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi wa Kongo, na hata Kentucky, ambayo kwenye ramani unaweza kubisha kama ni Kusini, mdomo wake unaelekea huko.

*Sikioni.* Jambo la kwanza nimeshalisimulia: e na i zikikutana na n au m zinakuwa kitu kimoja. "Ten" ni "tin", "hem" ni "him". La pili, "ai" inanyooka kuwa "aa" ndefu: "five" ni "faav", "time" ni "taam". Mtu akikwambia saa "naan", ni saa tisa kwa saa yao, si mkate. La tatu, irabu fupi inavutwa mpaka inazaa nyingine ndani yake, kiasi kwamba neno la silabi moja linasikika kama mbili. Watu husema Wakusini huongea taratibu. Mimi nawasikia kama watu wanaoimba, na wapo wanaoimba haraka sana.

Lakini kuna zawadi. Kiingereza cha shule kilitunyang'anya kitu tulichokizoea: tofauti ya "wewe" na "ninyi". Wote wawili ni "you". Kusini wameirudisha. "Y'all" ni "ninyi", kamili, bila utata, na kwa mkalimani ni raha tupu: daktari akisema "y'all" najua anasema na familia nzima, si mgonjwa peke yake. Kisha kuna "fixing to". "It's fixing to rain" ni mvua inataka kunyesha. Sisi tunaipa mvua nia, wao wanaipa maandalizi, na wote tunamaanisha ileile.

Na kuna heshima. Mtoto wa Kusini hujibu "yes, ma'am" na "no, sir", na akisahau anakumbushwa. Aliyelelewa kwa shikamoo anajisikia nyumbani haraka. Tahadhari moja tu: "bless your heart" inaweza kuwa dua, na inaweza kuwa tusi lililovishwa kanzu. Tazama uso wa msemaji.

*Machoni pa watu.* Katherine Kinzler na Jasmine DeJesus walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watoto wa Illinois, kaskazini, na Tennessee, kusini. Watoto wa miaka 5 na 6 hawakuwa na maoni kuhusu nani mwerevu. Wa miaka 9 na 10, wa pande zote mbili, walisema mwenye lafudhi ya kaskazini ndiye mwerevu na ndiye mkubwa wa kazi, na mwenye lafudhi ya Kusini ndiye mwema. Rudia kusoma hapo: watoto wa Tennessee walisema hivyo juu ya sauti za mama zao. Ina maana katika miaka minne ya utoto kuna mtu aliwafundisha, na hakuna mwalimu aliyesimama ubaoni kufundisha somo hilo.

Mwaka 2014 maabara ya taifa ya Oak Ridge, iliyoko Tennessee na iliyojaa wanasayansi, ilitangaza darasa la hiari la kupunguza lafudhi ya Kusini kwa wafanyakazi wake. Wafanyakazi wakachukia, darasa likafutwa. Na huku nyuma nchi hiyohiyo ilikuwa imemchagua Lyndon Johnson wa Texas, Jimmy Carter wa Georgia na Bill Clinton wa Arkansas kuwa marais. Kwa hiyo lafudhi hii haifungi milango yote. Inafungua wa sebuleni kwanza, wa ofisini baadaye.

Jambo la kuzingatia: Kusini ya leo si moja. Katika miji kama Raleigh na Atlanta, ambako watu wamemiminika kutoka majimbo mengine kufuata kazi, vijana wengi weupe wanasema karibu na lafudhi ya televisheni. Watafiti wa Georgia walionyesha mwaka 2023 kwamba kwa watu weupe wa jimbo hilo mporomoko wa lafudhi ya Kusini ulianza na kizazi kilichozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1960. Toka nje ya mji saa moja kwa gari, utaikuta imekaa kitini inakungoja.

*Mdomoni.* "Y'all" ichukue leo, hakuna atakayekucheka. Irabu ziache. Mgeni anayevuta irabu za Kusini kwa makusudi husikika kama anaigiza.

*Inamfaa nani.* Kwa sikio, kila anayekwenda Houston, Dallas, Louisville, Nashville, Atlanta. Kwa mdomo, watoto watakaokulia huko, ambao hata hivyo hawatakuomba ruhusa.

4. Ya New York na Boston

*Sikioni.* Kwetu hii ndiyo nyepesi kuliko tunavyodhani. Msemaji wa zamani wa Boston haitamki r mwishoni mwa silabi: "car" ni "kaa", "park" ni "paak". Hiyo ni "baa" yetu na "namba" yetu. Wakenya walioko Lowell, Massachusetts, wameishi jirani na watu waliowapokea kwa matamshi ya mwalimu wao wa darasa la nne. Ubaya ni kwamba r walizozitoa kwingine wanazichomeka pasipo na r: John F. Kennedy, mtoto wa Massachusetts, alipolihutubia taifa Oktoba 1962 kuhusu makombora, aliiita Cuba "Kyuba" yenye r mwishoni. New York wana tabia yao ya kuivimbisha irabu ya "coffee" na "talk" mpaka inajaa mdomo.

*Machoni pa watu.* Kwa wageni wa miji hiyo, msemaji ni mkali, mjuaji, ana haraka, lakini si mjinga. Kwa wenyeji, mambo yana ngazi. Labov huyohuyo, Novemba 1962, aliingia kwenye maduka matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la bei poa. Aliuliza wauzaji kitu ambacho alijua kiko ghorofa ya nne, ili tu wajibu "fourth floor", maneno mawili yenye r mbili. Akijibiwa, alijifanya hajasikia, wakarudia kwa makini. Saks asilimia 62 ya wauzaji walitamka r angalau mara moja, Macy's 51, Klein karibu 20. Wauzaji wale hawakuwa matajiri, mishahara yao haikupishana hivyo. Walikuwa wamevaa lafudhi ya wateja wao kama sare ya kazi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba miaka thelathini tu nyuma ya hapo, kuacha r kulikuwa ndiyo ubwanyenye. Rais Franklin Roosevelt, tajiri wa New York, hakuitamka. Baada ya vita vya pili upepo ukageuka, r ikapanda kiti na kukosa r kukashuka kuwa alama ya fukara. Na wakati huohuo London kukosa r kulibaki kuwa kwa wakubwa, mpaka leo. Mdomo ni uleule. Ukitaka ushahidi kwamba thamani ya lafudhi haimo ndani ya sauti, huo hapa.

*Mdomoni.* Ukiwa na Kiingereza cha Afrika Mashariki, kuacha r unako tayari. Wengine watakuuliza kama ulisoma Uingereza. Unaweza kuwaacha waamini.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda pwani ya mashariki, hasa kwenye kazi za kuhudumia wazee, maana wazee ndio walioishikilia.

5. Ya Wamarekani Weusi

Nimeona watu wakiiruka hii kwenye ulinganisho, au wakiiita Kiingereza kibovu na kuendelea. Zote mbili ni dhuluma. Ina sarufi yake, na baadhi ya sarufi hiyo Mswahili ataielewa haraka kuliko Mzungu.

*Sikioni.* Asili yake ni Kusini, ikasafirishwa kaskazini na watu wapatao milioni 6 waliohama kati ya miaka ya 1910 na 1970. Ndiyo maana bibi wa Chicago anaweza kusikika kama wa Mississippi. "Ai" inanyooka, r za mwisho zinapungua, na konsonanti mbili mwishoni mwa neno zinabaki moja, "test" inakuwa "tes". Sasa sikiliza hili. "He working" maana yake anafanya kazi, sasa hivi. "He be working" maana yake hufanya kazi, ndiyo desturi yake. Hu- yetu! Kiingereza cha shule hakina alama ya peke yake ya desturi kama hiyo, mara nyingi huongeza "usually". Na "she been married", ukiikazia sauti hiyo "been", si kwamba aliwahi kuolewa. Ni kwamba ameolewa zamani na mpaka leo yumo kwenye ndoa. Asiyejua atampelekea posa mke wa mtu.

*Machoni pa watu.* Hakuna lafudhi Marekani inayopendwa na kuadhibiwa kwa wakati mmoja kama hii. Muziki na vijana wa dunia nzima wanaazima maneno yake. Lakini mwaka 1999 John Baugh na wenzake walieleza jaribio la simu huko San Francisco na vitongoji vyake: mtu mmoja, mwenye kumudu lafudhi tatu, anawapigia wenye nyumba za kupanga. Katika mitaa ya Wazungu wengi, akiongea kama Mzungu alipewa miadi ya kuona nyumba, akiongea kama Mmarekani Mweusi au mwenye asili ya Meksiko miadi ilipungua sana. Hakuna aliyemwona uso.

Philadelphia nako, utafiti wa mwaka 2019 ulipima makarani 27 wanaonukuu maneno mahakamani. Cheti chao kinadai usahihi wa asilimia 95. Waliposikilizishwa sentensi za Wamarekani Weusi, walizinukuu sawasawa chini ya sita katika kila kumi. Mimi naishi kwa kufasiri, na taarifa ile niliisoma nikiwa nimesimama. Fikiri ushahidi wako, kifungo chako, kiko mikononi mwa mtu asiyeijua hu-. Mashine nazo hazikuwa bora: mwaka 2020 mifumo ya kutambua sauti ya makampuni matano makubwa ilikosea maneno 35 katika 100 ya wasemaji weusi, na 19 ya weupe.

*Mdomoni.* Hapa nitasema wazi. Mtoto wako aliyekulia nao ataizungumza kwa haki, ni yake kama walivyo rafiki zake. Mtu mzima aliyeshuka ndege juzi na kuanza kuiga atasikika kama anawafanyia mzaha, na wenyewe watakwambia. Wao pia hubadilisha, nyumbani hivi, kazini vile. Ni ujuzi, kama sisi tunavyohama kati ya Kiswahili cha ofisini na cha kijiweni.

*Inamfaa nani.* Kwa sikio, kila anayekwenda Marekani, bila kisingizio, na zaidi ya wote wakalimani, wauguzi, walimu na madereva.

6. Uliyokuja nayo

*Sikioni.* Haikusumbui, ni yako. Sasa suala ni masikio yao.

*Machoni pa watu.* Mwaka 1992 Donald Rubin wa Georgia aliwachezesha wanafunzi wa chuo mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mzawa. Nusu walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, nusu picha ya mwanamke wa Kiasia. Waliotazama picha ya Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na walielewa mhadhara kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo hata ukiinyoosha lafudhi yako ikanyooka, kuna watakaokusikia kwa macho. Ni vizuri kujua kabla hujalipia kozi.

Upande mwingine kuna habari njema kutoka Kanada. Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha mwaka 1995 kwamba kuwa na lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na akaeleweka neno kwa neno. Na sheria iko: nchini Marekani mwajiri haruhusiwi kukunyima kazi kwa sababu ya lafudhi, isipokuwa kama inazuia kweli kazi yenyewe kufanyika.

*Mdomoni.* Ukitaka kurekebisha kitu kimoja tu, kiwe mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, hospiTAli, insuLIni. Wao, kwa maneno hayohayo, wanakaza ya kwanza, HOSpital, INsulin, na sikio la Mmarekani hutafuta neno kwa kufuata mkazo. Ukiuweka pasipo, atakuuliza mara tatu hata kama kila herufi umeitamka vizuri. Nimeona wauguzi wetu waliohangaika na r mwaka mzima, kumbe tatizo lilikuwa mkazo, na mkazo ni kazi ya wiki chache.

*Inamfaa nani.* Watu wazima wengi. Yaani mimi.

Kwa hali yako

Kama hujui utaangukia wapi, anza na sikio la televisheni, kisha ongeza nusu saa kwa siku ya redio za mahali. Vituo vya redio vya miji vinapatikana kwenye intaneti. Usisikilize habari, mtangazaji wa habari atakuficha. Sikiliza vipindi ambavyo wasikilizaji wanapiga simu kulalamikia mashimo ya barabarani.

Kama uko Nairobi unapokea simu za wateja, sikio lako linahitaji zote tano, mdomo wako unahitaji mkazo sahihi na mwendo wa pole. Mteja wa Texas hatakasirika kwa sababu wewe si wa Texas. Atakasirika ukimwambia arudie "faav" mara ya nne.

Kama wewe ni mzazi, mwache mtoto. Mfundishe kubadilisha, na linda Kiswahili nyumbani, maana hicho ndicho kitakachopotea kwanza.

Kama unakwenda Boston, pumzika kidogo. Kama ni Detroit, jihadhari na "block".

Na kama umepangiwa Kusini na kazi yako ina dawa ndani yake, usione haya kuuliza mara mbili. Wenyeji wenyewe wakitaka kalamu husema "ink pen", ili usilete pini. Mimi nilijaribu kuwauliza manesi "ya kuandikia au ya kudunga?" mpaka nilipokumbuka kwamba ile ya insulini ni kalamu na inadunga. Siku hizi nauliza kama ina namba za kuzungusha.